Ghala la Baba na Neno "Inasoma"

Kila siku saa kumi na nusu jioni, Anneth alipofika nyumbani kwao Sekei kutoka shuleni, alianza kwa kuvua viatu na kuvipanga ukutani, kwa sababu katika nyumba ile kiatu kilichoachwa njiani kilikuwa mtego. Kisha alimwamkia baba yake, akaketi karibu naye na kumweleza Mlima Meru ulivyokuwa siku hiyo, kama ulikuwa wazi hadi kileleni au ulijifunika mawingu. Baba alipenda kujua.

Baba yake, Mzee Elimringi, alikuwa haoni. Presha ya macho ilimpofusha Anneth alipokuwa darasa la kwanza. Lakini masikio yake yalijulikana kuanzia Sekei hadi Kikatiti, kwani kazi yake ilikuwa kurekodi kwaya. Alikuwa na chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai kutani ili sauti isirudi, na kompyuta yenye programu iliyomsomea kila kilichoandikwa kwenye kioo. Programu ile ilisoma Kiswahili kwa lafudhi ya mmisionari aliyeshuka ndege jana, lakini baba alikuwa ameizoea.

Nyimbo zake alizihifadhi kwenye flashi, na flashi moja iliharibika ikiwa na wimbo wa kwaya ambayo mwimbaji wake mmoja alishafariki. Baba hakula chakula cha jioni siku hiyo. Ndipo alipoamua kununua diski ya mtandao, yaani kisanduku kinachounganishwa na ruta ya nyumbani na kutunza kila faili mara mbili, ili diski moja ikifa nyingine ibaki. Nyumbani wakakiita ghala hata kabla hakijanunuliwa.

"Zamani dukani kulikuwa na sabuni ya aina moja," baba alisema. "Unanunua au unabaki na uchafu wako. Siku hizi biashara imefunguliwa na kila kitu kina aina ishirini. Kazi imebaki kuchagua."

Siku ya kununua, baba alikuwa na kwaya ya kurekodi, hivyo akamtuma Anneth pamoja na mama yake, Evaresta, ambaye alikuwa muuguzi na hakujua kompyuta hata kidogo. Baba alimwagiza Anneth aulize jambo moja tu. Je, inasoma?

Muuzaji, kijana mmoja aitwaye Abdiel, aliweka maghala mawili juu ya meza. La kwanza lilikuwa jeusi, lina vitufe vya kubonyeza, halina kioo, sura yake kama tofali. La pili lilikuwa jeupe, na usoni lilikuwa na kioo kinachong'aa chenye picha za rangi. Abdiel alikigusa kidogo tu, na filamu ikaanza kucheza kwenye televisheni ya dukani. Moyo wa Anneth ukaenda hukohuko. Aliwaza jinsi ambavyo rafiki yake Sabina angekuja Jumamosi kutazama.

"Kaka, hili jeupe linasoma?" aliuliza.

"Linasoma kila kitu," Abdiel alijibu. "Flashi, kadi, hadi diski yoyote ile. Hutaambiwa haisomi."

Anneth alielewa vizuri. Kwa mafundi, kitu kinasoma kikitambua kilichochomekwa. Kwa baba yake, kitu kinasoma kikiweza kusomwa kwa sauti na ile programu yake. Neno ni moja, maana ni mbili, na Anneth alisimama katikati akijua zote. Mama alimtazama akisubiri. Anneth akanyoosha kidole kwenye lile jeupe.

Nyumbani alimwambia baba kwamba muuzaji amesema linasoma kila kitu. Kila neno lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Siku ya kwanza tu baba alipolijaribu, programu yake ilikutana na ukurasa wa picha tupu zisizo na majina. Ikasoma, "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe." Baba akacheka na kuuliza kama ghala lina kigugumizi. Anneth akasema bado halijamaliza kujipanga, litakaa sawa baada ya siku chache, na kwamba kwa sasa atamfungulia yeye.

Hapo ndipo alipojifunga. Asubuhi kabla ya shule alimfungulia baba faili za siku hiyo. Jioni alimhifadhia alizorekodi. Umeme ulipokatika na kurudi, ghala liliamka limejifunga na kudai namba nne ziguswe pale pale kwenye kioo, basi akaitwa tena. Aliitwa akiwa anaosha vyombo, aliitwa pia akiwa nje na wenzake, na Sabina alipokuja kutazama filamu, Anneth aliitwa mara tatu kabla filamu haijafika katikati. Wiki ya tatu alianza kuichukia sauti ya baba ikitamka jina lake, kisha akajichukia kwa kuichukia. Habari za mlima alishaacha kuzisema. Baba aliuliza mara mbili, kisha hakuuliza tena.

Alitamani kusema kweli. Lakini kila siku iliyopita iliongeza uongo mwingine juu ya ule wa kwanza, na sasa hakujua aanzie wapi kuufumua.

Kisha ikaja Ijumaa ya safari. Anneth na wenzake wa darasa la sita walikuwa wanakwenda Momela kuwaona ndege aina ya heroe ziwani, safari waliyoingoja tangu Januari. Siku hiyohiyo Mwalimu Efraimu, kiongozi wa kwaya ya Kikatiti, alipanga kuja kuchukua wimbo wao na kuufikisha redioni kabla ya saa sita mchana. Kipindi kilikuwa jioni ile na waimbaji walishawatangazia ndugu zao wote. Anneth alipanga kila kitu usiku wa Alhamisi. Aliliacha ghala wazi na wimbo ukiwa tayari mbele, baba abonyeze mara moja tu.

Alfajiri alisikia friji ikinyamaza. Umeme umekatika.

Alilala akitazama dari. Umeme ukirudi, ghala litaamka limejifunga, naye atakuwa Momela. Akienda, baba ataaibika mbele ya mgeni. Akisema kweli, ataaibika yeye. Akachagua njia ya tatu na kumwambia mama kwamba tumbo linamuuma.

Mama hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, ila alikuwa anachelewa kazini. Alimpa dawa chungu, akamwamuru asitoke kitandani, akaenda. Saa mbili basi la shule lilipita barabarani likiwa limejaa nyimbo. Anneth alijifunika blanketi hadi kichwani na kulia, maana aliyemzuia kupanda basi lile alikuwa yeye mwenyewe.

Saa nne umeme ukarudi, na haikupita muda Mwalimu Efraimu akabisha hodi. Anneth alianza kuinuka, akakumbuka kwamba ni mgonjwa.

"Baki hukohuko, mwanangu," baba alisema kutoka sebuleni. "Namba nazijua. Leo nitafungua mwenyewe."

Namba alizijua, lakini hakujua zinakaa wapi, kwani kioo kilikuwa laini kama sahani na kidole hakiwezi kusoma sahani. Anneth alisikia mlio mfupi, nao ulikuwa mlio wa kosa. Kisha ukasikika wa pili. Alikumbuka maneno ya kitabu cha maelekezo, kwamba makosa yakifika matano ghala hujifunga siku nzima. Mlio wa tatu. Mwalimu Efraimu alikuwa akisema kwa upole kwamba naye hajui vitu hivi, na macho yake hayaoni namba ndogo bila miwani aliyoisahau nyumbani. Mlio wa nne.

Anneth aliruka kitandani na kutokea sebuleni na gauni la kulalia.

"Baba, usiguse tena. Tafadhali usiguse."

Kidole cha baba kilibaki hewani. Anneth aligusa namba nne, ghala likafunguka, na wimbo ukahamishiwa kwenye flashi ya mwalimu. Angeweza kuishia hapo. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Lakini alimwona baba akijifuta jasho usoni, jasho la kutafuta namba kwenye kioo bapa mbele ya mgeni, na hakuweza tena kuvumilia.

"Siumwi tumbo," alisema. "Na ghala halitasoma kamwe. Nilijua tangu dukani. Muuzaji alisema linasoma flashi, nami nikakuacha uelewe vingine kwa sababu nilitaka lile la filamu."

Mwalimu Efraimu, kwa hekima yake, alisema gari linamsubiri, akaaga. Baba alipapasa kiti, akaketi.

"Nilipopofuka," baba alisema, "kiza sikukiona kibaya sana. Kibaya kilikuwa kusubiri. Kusubiri mtu arudi anitafutie shati, mtu anisomee barua yangu mwenyewe. Nilijifunza kazi hii ili nisisubiri tena. Wewe umenirudisha kule, Anneth. Na tazama, kamba uliyonifungia mimi ndiyo hiyo imekufunga na wewe mguu. Momela hukwenda."

Anneth alilia bila kujificha. Baba alimwacha alie, kisha akamwambia alete boksi la ghala na risiti yake.

Kesho yake walikwenda dukani wote wawili, baba na kompyuta yake begani. Baba hakuuliza kama ghala linasoma. Aliomba ghala jeusi liwashwe, akaunganisha kompyuta, akavaa visikilizi na kupita ukurasa mmoja baada ya mwingine. Kila kitufe kilitajwa kwa jina lake. Kisha akapapasa kisanduku chenyewe, akahesabu vitufe kwa vidole, akaomba kichomolewe umeme na kurudishwa, akasikiliza kinavyolia kikiamka. Hakikudai namba yoyote. Abdiel alikubali kubadilisha, akakiri kwamba hata yeye alikosea, maana hakuuliza nani atakitumia.

"Msemaji akisema kweli na msikilizaji akaelewa uongo," baba alimwambia Anneth walipotoka, "mwenye kosa ni yule aliyejua na akanyamaza. Ukweli haupimwi kwa maneno tu, mwanangu. Unapimwa kwa kile ulichomwachia mwenzako akiamini."

Wiki nzima iliyofuata Sabina alisimulia habari za heroe, na hiyo ilikuwa adhabu ya kutosha.

Jumatatu ya wiki hiyo, saa kumi na nusu, Anneth alivua viatu na kuvipanga ukutani. Kutoka chumba cha trei za mayai alisikia sauti ya mmisionari ikisoma majina ya nyimbo, moja baada ya jingine, na baba akizifungua mwenyewe. Aliamkia, akaitikiwa. Alingoja aitwe akasaidie. Hakuitwa.

Baba alivua visikilizi. "Haya, mlima ukoje leo?"

Anneth alifungua kinywa kusema uko wazi, kisha akakifunga.

"Leo sikuutazama, baba."

"Basi twende nje," alisema Mzee Elimringi, akichukua fimbo yake nyeupe. "Ukautazame, uniambie."