Friji Iliyosingiziwa

Kila alasiri Dama akitoka shule alivua sare, akafagia baraza, kisha akachemsha maji ya barafu. Mamake, Kafedha, aligandisha kwenye friji sharubati ya ukwaju na ya mabungo katika mifuko midogo, na watoto wa Utange walizifyonza barafu hizo njia nzima. Sharti lake lilikuwa moja: maji yatokote kwenye jiko la makaa, asije akamwendesha mtoto wa watu tumbo.

Lakini makaa yana moshi, na kupepea kunachosha. Mamake akiwa Kongowea kununua matunda, Dama alitoa koili chini ya kitanda, kichuma cha stima cha kuchemshia maji, kilichojiviringa, hakizidi kiganja. Alikitumbukiza ndooni na kukichomeka ukutani. Siku hiyo maji hayajapata hata uvuguvugu, stima ikakatika nyumba nzima.

"Friji hiyo tena!" akaguta Gershom, kinyozi wa chumba cha mbele. "Huyu mteja nimemnyoa upande mmoja!"

"Na kesho naenda kuposa," mteja akalia. "Wakwe watasema nimetafunwa na panya!"

Dama alichomoa koili, akaificha, akawasha jiko shingo upande. Bi Mwanasaumu, mwenye nyumba, akaja kuinua swichi kubwa iliyo kando ya mita ya stima.

"Dama!"

"Abee, Bi Mwanasaumu."

"Mara ya nne wiki hii. Mwambie mamako, Jumapili friji izimwe, isiwashwe tena. Nyumba ya vyumba sita siwezi kuiacha iungue kwa ajili ya barafu."

Dama aliogopa. Bila friji, mamake angerudi kufulia watu nguo, na mgongo wake ulikuwa haujapona tangu aache kazi hiyo. "Friji yetu haina kosa," akajisemea. "Nitathibitisha." Koili hakuifikiria hata kidogo. Kidude kile? Mwenye makosa bila shaka ni televisheni ya Gershom, pana kama mlango.

Juma hilo Mwalimu Jael alikuwa amewafundisha hesabu za umeme. Zidisha volti kwa ampea, utapata nguvu ya kifaa kwa wati. Gawanya volti kwa ampea, utapata ukinzani kwa omu, yaani jinsi kifaa kinavyouzuia mkondo wa umeme usipite. Basi Dama akaenda kwa Fundi Ismail wa stima.

"Shikamoo, fundi. Nataka friji yetu ipimwe."

"Marahaba. Ipimwe, au unataka kuchezea stima?"

"Upime wewe. Mimi nitapiga hesabu."

Fundi alicheka, akamwambia ana kazi nyingi. Kesho yake Dama alirudi, na kesho kutwa pia, daftari mkononi. "Mtoto huyu king'ang'anizi," fundi akasema, akachukua mita yake ya kupimia.

Jumamosi asubuhi wapangaji waliokuwepo walikusanyika ukumbini. Fundi alipima, Dama akaandika. Volti zilikuwa mia mbili na arobaini. Friji ilivuta robo tatu ya ampea.

"Wati mia moja na themanini," Dama alisoma kwa sauti. "Ukinzani wake ni omu mia tatu na ishirini."

"Kelele zote zile, kumbe inakula kidogo hivyo!" akasema Bi Mwanasaumu.

Televisheni ya Gershom ilivuta nusu ampea tu. Wakajumlisha mashine ya kunyolea, feni na taa zote. Jumla ya nyumba nzima haikufika ampea nne, na swichi kubwa hustahimili kumi.

"Kinachokata stima hapa bado sijaonyeshwa," alisema fundi. "Nani ana kitu cha kupasha moto?"

"Labda mpangaji mwenzetu Kyalo," akadakia Gershom. "Ana pasi, na leo yuko kazini."

Dama akatazama daftari lake. Kyalo hakuwepo kujitetea, na yeye akinyamaza friji ingebaki. Lakini alikumbuka kwamba mara zote nne koili ilikuwa ndooni. Akaingia chumbani, akarudi nayo.

"Pima na hii, fundi. Ni yangu."

Kafedha alimkazia macho. Fundi aliitia koili kwenye ndoo ya maji, akaichomeka ukutani. Mita ikasoma ampea kumi, mara stima ikakatika.

Dama akapiga hesabu. "Omu ishirini na nne tu. Ukinzani ni mdogo, ndiyo maana mkondo unapita mwingi, na ukijumlisha na vingine swichi inalemewa. Wati elfu mbili na mia nne. Nisameheni. Mama, niliona uvivu kuwasha jiko."

"Lahaula! Kidude hiki!" Bi Mwanasaumu akashika kiuno. "Haya, Mama Dama, friji yako ibaki. Hiki kitoke nyumbani mwangu."

"Na ungetia mkono ndooni kimechomekwa, ungekufa," fundi akaongeza.

Kafedha aliichukua koili, akampa fundi aende nayo. Kisha akamgeukia bintiye.

"Kazi ya jiko utaifanya, tena bila kununa. Uvivu wako ungenirudisha kwenye karai la nguo, na Kyalo wa watu angebeba lawama. Lakini umesema mwenyewe, mbele ya watu, wala hukuvutwa sikio. Ndivyo ukweli unavyotafutwa, mwanangu: unapima vya wenzako, na chako pia unakileta kipimwe."