Ng'ombe Asiye na Mwenyewe

Jua lilikuwa linazama nilipotumwa kumtafuta Mzee Metui asaini karatasi ya mahudhurio.

Tulikuwa katika mji mdogo wa pwani ambao jina lake nitalisitiri. Ofisi yangu huku Karatu ilitaka kuanzisha tamasha la kuwavutia watalii wanaokwenda kreta. Kwa kuwa hakuna aliyejua watu hufurahi vipi kwa mujibu wa taratibu, tulitumwa wanne kujifunza. Ratiba ilikuwa na kurasa kumi na moja. Ukurasa wa saba uliandikwa: "Saa kumi kamili hadi kumi na dakika arobaini na tano, kufurahia bahari."

Metui, mzee wa Kimaasai kutoka Olbalbal, bondeni karibu na kreta, aliwakilisha wafugaji. Tuliona magofu ya matumbawe, tukaona boma la Wajerumani, tukala pweza. Yeye hakula. "Mnyama asiye na kwato simwamini," alisema. Bahari hakuwa amewahi kuiona. Alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Mungu kawapa maji yote haya, mwalimu, halafu akatia chumvi wasifuge."

Aliniita mwalimu kwa sababu natembea na kalamu.

Nilimsaka hadi kwenye uchochoro wa nyumba aliyotukaribisha Bi Mwanakombo. Hakuwepo. Yeye Bi Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni na chetezo cha udi. Matari yalikuwa yanakaribia.

"Leo mji unazungushiwa ng'ombe," alininong'oneza. "Kila mlango anaopita, wenyewe wanamsemea balaa lao sikioni. Maradhi, husuda, misiba. Kisha anachinjwa ufukweni, analiwa palepale. Mifupa baharini. Hairudi nyama nyumbani."

"Ni ng'ombe wa nani?"

"Hana mwenyewe. Ndiyo maana anabeba. Akitokea wa kumdai, kadai na mzigo." Akanisukuma kidogo mgongoni. "Nawe sema, mwanangu. Hakatai mgeni."

Nilicheka. Nimesoma vitabu vingi kuhusu mila za watu wengine, na vyote vinashauri mtafiti asimame pembeni. Lakini chini ya kwapa langu la kushoto kulikuwa na uvimbe, mdogo kama punje ya harage. Sikuwa nimemwambia mtu. Hata daktari.

Ng'ombe alipofika, niliinama.

Nikasema.

Sikio lilikuwa baridi.

Nilipoinuka, Metui alikuwa ng'ambo ya uchochoro, amekauka kama nguzo. Alikuwa akimtazama yule ng'ombe: mabaka meupe, pembe ya kushoto imeinama mpaka shavuni, sikio limekatwa mara mbili. Nikamfuata na karatasi yangu.

"Mwalimu, huyu alikufa kwenye ukame. Mikononi mwangu. Ngozi yake ndiyo ninayolalia."

"Wapo wanaofanana, mzee."

"Watu ndio wanafanana. Ng'ombe hawafanani."

Hapo niliisikia harufu. Si udi, si chumvi. Vumbi... vumbi jeupe la Olbalbal wakati wa kiangazi.

"Mzee Metui, tafadhali, usiseme..."

Akapiga mluzi. Ule wa kuitia ng'ombe majini.

Matari yakanyamaza.

Ng'ombe akageuza kichwa.

"Wangu," Metui akasema.

Hakuna aliyepiga kelele. Walimtazama kama watu wanavyomtazama aliyejitolea kukesha na maiti ili wao wakapumzike. Kamba ikaachiwa. Ng'ombe akatupita, akakata kona. Metui akamkimbilia, nami nyuma yake. Kwenye kona hapakuwa na njia. Ukuta tu.

Nyuma yetu milango ilianza kufungwa, mmoja baada ya mwingine, taratibu.

Bi Mwanakombo alinishika kifundo cha mkono. "Ng'ombe atamfuata mwenzio kwake. Magharibi saba atasimama mlangoni. Asipofunguliwa, ya nane haji."

"Na mzigo?"

"Asipofunguliwa, unarudi kwa waliomsemea. Uliwahi kurudi hapa, mara moja. Tulizika wiki nzima." Akaniachia. "Nimekwambia ili Mungu asiniulize mimi. Utakachomwambia mwenzio, utaulizwa wewe."

Kwenye basi nilimwambia Metui nusu ya kwanza: akija, usimfungulie. Nusu ya pili, ile ya mzigo, niliona haina umuhimu. Tulipofika Makuyuni nilijipapasa kwapani.

Hapakuwa na kitu.

Siku ya ishirini na moja Metui alinipigia. "Amefika, mwalimu. Kwato zimelika, naona kwenye nyayo. Ametembea."

Jioni ya saba nilikwenda Olbalbal kwa lori la maji. Kiofisi, nilifuata sahihi yake, maana bado ilikosekana. Kwenye lango la hifadhi askari alitaka sababu ya safari, nikaandika "sahihi", akagonga muhuri bila kuinua macho. Ningeandika "mzimu", angegonga vilevile.

Metui alikuwa amekaa ndani ya boma, karibu na miiba inayoziba lango. Mkewe, Naeku, alikuwa ndani ya nyumba na mjukuu wao wa wiki tatu. Mbuzi wote walijibana upande wa mbali, kimya.

Jua likagusa mlima.

Kengele.

Ngo... ngo...

Ikasimama nje ya miiba.

"Jana alilia mpaka nikamsikia akipiga magoti," Metui alinong'ona. "Ana kiu. Ukame ule nilimkosea maji, nikamtazama akifa. Nimtazame mara ya pili?"

"Metui!" Naeku aliita kutoka ndani. "Humu kuna mtoto! Kiu yake haituhusu!"

Nilisogea kwenye miiba. Sikuona kitu. Nilisikia pumzi, nzito, yenye harufu ya udi. Ndani ya pumzi mlikuwa na watu.

*Kifua cha mwanangu...*

*Homa, homa haiishi...*

*Macho ya mama...*

Halafu sauti ya mwanamke. Kiswahili cha kwetu Karatu, chenye aibu kidogo.

*Ni kauvimbe tu. Chini ya kwapa.*

Metui hakuisikia. Alikuwa analia, kimyakimya, mzee mzima. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyezungumza na yule mama. Kweli nisifungue?"

Lilikuwa swali la ndiyo au hapana. Watoto wa darasa la kwanza hulijibu.

Mkono wangu ulikuwa kwapani. Palikuwa laini, laini kabisa.

"Ni uamuzi wako, mzee wangu," nikasema.

Sauti ya ofisini. Ilitoka yenyewe.

Akavuta miiba.

Hatukuona kitu kikiingia. Mbuzi waligawanyika, wakaacha njia yenye upana wa ng'ombe. Kwenye karai maji yalianza kupungua, funda kwa funda. Metui akacheka kama mtoto, machozi bado mashavuni, akiupapasa upepo mahali ambapo pangekuwa na shingo.

Ndani ya nyumba mjukuu akakohoa.

Kikohozi kirefu, cha makohozi. Cha mtu mzima.

Metui aliisaini karatasi kwa furaha, akaniombea baraka.

Ripoti imepitishwa. Wakubwa wamekipenda hasa kipengele cha ng'ombe. Desemba atazungushwa hapa Karatu, mtaa kwa mtaa, na mimi nimeteuliwa kumtafuta. Barua inasema asiwe na mwenyewe, ili kuepusha migogoro.

Jana jioni Metui alinipigia tena. Hakusalimia. Kwa Mmaasai, hilo peke yake ni msiba.

"Mjukuu anaendeleaje?" nikauliza.

"Bado anakohoa. Sasa ana kauvimbe. Chini ya kwapa."

Nilijipapasa kwapani.

"Na ng'ombe akilala anaongea, mwalimu. Naeku anasema sauti ni yako." Nyuma yake kengele ililia mara moja. "Ulimwambia nini?"

"Mtandao unakatika, mzee wangu," nikasema.

Haukuwa unakatika. Nilimsikia mtoto.