Ufunguo wa Geti la Mzee Pima

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Sindano alifagia sebule na kuokota vipande vya nguo chini ya cherehani ya mama yake. Zamani hakuwa na kazi hiyo. Zamani mama yake, fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima, alishonea kwenye kibanda chake cha mabati mbele ya nyumba, na sebule ilikuwa sebule. Sasa wateja walipimwa wakiwa wamesimama kati ya sufuria na ndoo, na gauni la bibi harusi lilining'inia juu ya kitanda cha Sindano. Alilala akiangaliwa na gauni hilo kama mtu.

Watu walimwita Sindano kwa sababu ya wembamba wake. Mama yake alisema ni kwa sababu ya ulimi.

Aliyesababisha yote hayo alikaa nyumba ya pili. Aliitwa Mzee Pima, kwa kuwa hakutoka nje bila futi ya chuma mfukoni. Mwaka uliopita alipima mpaka, akaona kibanda cha fundi kimeingia kwake kwa upana wa kiganja. Hakubisha hodi wala hakusema neno. Alikwenda moja kwa moja manispaa. Wakaja watu wenye nyundo, wakabomoa kibanda huku mvua ikinyesha, na nguo za wateja zikaloa tope. Mzee Pima alisimama mlangoni kwake, mikono nyuma, akitazama. Siku hiyo Sindano alijiapiza moyoni: wewe mzee, zamu yako itafika.

Ilifika wakati wa likizo. Mzee Pima alikuwa akijenga vyumba nyuma ya nyumba yake, na kibali chake cha ujenzi kilikaribia kuisha muda. Manispaa haikuongeza muda wa kibali mpaka mkaguzi afike, aone kuta kwa macho yake na kuzitia alama ya rangi nyekundu. Muda ukipita bila alama hiyo, kazi husimama, na mwenye nyumba huanza kuomba upya kama mtu ambaye hajaweka hata tofali moja. Naye mkaguzi hakuwa mtu wa miadi. Alifika anapofika.

Asubuhi hiyo Mzee Pima alimkuta Sindano akimwaga takataka.

"Shikamoo," Sindano akasema, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nampeleka bibi yako hospitali, mguu umevimba tena. Mafundi nimewapumzisha leo. Mkaguzi akija, mfungulie geti." Akamtia ufunguo mkononi. "Kibali kinakufa kesho. Usiende kucheza."

Mjukuu wangu. Sindano aliyatafuna maneno hayo mpaka yakamchachia mdomoni. Mtu akubomolee kibanda, kisha akuite mjukuu na kukuachia ufunguo, kama vile hakuna kilichotokea?

Jua lilikuwa limepanda mkaguzi alipofika kwa pikipiki. Alipiga honi, akagonga geti, akamwona Sindano dirishani.

"Binti, mwenye nyumba yupo?"

"Hayupo."

"Ameacha ufunguo?"

Sindano aliufumba ufunguo kiganjani mpaka meno yake yakamchoma. "Hajaacha kitu. Nasikia hataki tena kujenga. Labda mwakani."

Mkaguzi akatoa chaki, akaandika kwenye geti kwamba amekuja na hakukuta mtu. "Atajua mwenyewe," akasema, akawasha pikipiki.

Sindano aliosha vyombo akiimba. Alimwona Mzee Pima akilini mwake, amesimama na futi yake mbele ya kuta zisizo na paa, mvua inazipiga, naye hana ruhusa ya kupandisha hata bati moja. Raha iliyoje. Alitamani mvua inyeshe siku hiyo hiyo.

Jioni alikuja mjomba wake, ambaye ni mwashi. Kwa kawaida alianza na utani tangu mlangoni. Leo alikaa kitako kwenye kigoda bila hata kuomba maji.

"Dada, nimepita kwa Mzee Pima. Geti limeandikwa chaki. Mkaguzi amekuja, hakukuta mtu. Kibali kikifa kesho, mimi na vijana wangu tunarudi kukaa kijiweni."

"Si ulisema kazi ile itakuvusha mpaka shule zifunguliwe?"

"Ndivyo nilivyomwambia hata mwenye nyumba wangu anayenidai kodi."

Sindano aliacha kukunja nguo. Kila siku alimwona mjomba juu ya ukuta ule, akipanga tofali na kupiga mluzi. Lakini tangu asubuhi macho yake yalikuwa yamejaa mzee peke yake.

Mama yake alisimamisha cherehani. "Sindano, mkaguzi alipokuja ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Ulimwambia nini?"

Alitafuta uongo wa pili, haukuja. Akasema yote, akaweka ufunguo mezani. Mjomba akashika kichwa.

"Kwa hiyo tofali umenirushia mimi."

"Nilimlenga yeye, mjomba."

"Basi una shabaha mbaya."

"Lakini alitubomolea," Sindano akasema, machozi yakimtoka. "Alisimama anatazama. Mama, wewe ulilia."

"Nililia," mama akajibu. "Na sijamsamehe bado. Nikisali nikifika kwenye jina lake, kuna siku naruka. Mungu ananiona. Chukua ufunguo, twende."

Kwa Mzee Pima walimkuta mkewe ameweka mguu juu ya mto. Sindano alikiri akiwa amesimama. Mzee akamgeukia mama.

"Umemtuma wewe?"

"Ningetaka kukudhuru, mzee, ningekuja mwenyewe. Nimemleta akwambie ukweli. Kesho atamwambia na mkaguzi."

Asubuhi Sindano na mama yake walikuwa wa kwanza kwenye benchi la manispaa. Mkaguzi alimtambua. "Wewe si yule binti wa dirishani?"

"Ndiye mimi. Nilikudanganya. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu."

Watu wote kwenye benchi wakageuza shingo. Sindano alitamani sakafu immeze.

"Leo nina kuta za upande wa pili wa mji," mkaguzi akasema. "Nikipata nafasi kabla ofisi haijafungwa, nitapita. Siahidi."

Sindano alisimama getini kwa Mzee Pima na ufunguo mkononi, jua likimpiga utosini. Mama alimletea maji, hakumwambia aingie kivulini. Vivuli vilikuwa vimerefuka pikipiki iliposikika. Mkaguzi alizunguka kuta, akatia alama nyekundu, akampakia Mzee Pima nyuma wawahi mhuri manispaa. Mzee aliondoka amevaa kofia ya pikipiki iliyomfunika hadi pua. Sindano alitaka kucheka na alitaka kukasirika, vyote kwa pamoja.

Kibali kiliongezwa muda. Kesho yake mluzi wa mjomba ulisikika tena. Mzee Pima alipita, akaitikia salamu, akaenda zake.

"Hata pole ya kibanda hajasema," Sindano akanung'unika.

"Hajasema, na huenda asiseme," mama akajibu akitunga uzi. "Hatukwenda manispaa kutafuta pole yake. Sikiliza, mwanangu. Tulionewa, na hasira yako naijua kwa sababu ninayo. Lakini mkaguzi hakutubomolea. Mjomba wako hakutubomolea. Yule bibi anayeumwa mguu hakutubomolea. Uongo wako uliwakanyaga wote hao kabla haujamfikia mzee. Mwenye kisa na mtu amwambie usoni, adai haki yake mbele ya watu. Kisasi cha kujificha dirishani humfanya aliyeonewa awe mwonevu."

Sindano aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo tunyamaze tu?"

"Nani amesema tunyamaze? Jioni nakwenda kwake kumwambia alivyotutenda siku ile, neno kwa neno, mkewe akisikia. Kisha nitaomba kibali changu, nijenge kibanda ndani ya mpaka wangu. Utafuatana nami?"

"Nitafuatana nawe."

"Basi oga, uvae nguo safi. Tunakwenda kudai, hatuendi kuomba."