Kikohozi cha Chumba cha Pasi

Mnaniganda kama kupe niwasimulie habari ya wale ndugu wawili mafundi cherehani, halafu mkilala mnakuja kujazana kitandani kwangu. Haya. Atakayelowesha shuka langu atalifua mwenyewe.

Mama yao alifia chumba cha nyuma, walimokuwa wakipigia pasi. Tangu hapo mdogo mtu hakukanyaga humo. Akiusogelea mlango tu, moyo mbio, jasho, pumzi inakata. Mama alikuwa ameacha neno kwamba duka ashike huyo mdogo, maana ndiye mwenye mkono wa kushona. Lakini fundi asiyeingia chumba cha pasi atashikaje duka?

Akaenda hospitali kwa mshauri, mama mmoja mpole. Akaambiwa kila jioni aingie, aketi, asikimbie. Hofu itapanda, itachoka, itashuka yenyewe.

Ikaanza kushuka.

Dada mtu roho ikamuuma. Wateja walimtaka mdogo. Hata mumewe, shati lake alitaka likatwe na shemeji! Basi jioni akawa anatangulia chumbani, anajibanza nyuma ya nguo zilizotundikwa. Mdogo akishaketi, yeye anakohoa. Kikohozi cha mama kabisa, kikavu, halafu ile pumzi ya kuvuta kwa shida.

Mdogo akatoka anajikwaa.

"Dada... nimemsikia mama."

"Pole, mdogo wangu," dada akamnong'oneza. "Huyo mshauri wako anakumaliza. Acha kwenda."

Hakuacha. Mshauri alimwambia, ukisikia kikohozi usibishane nacho, kaa nacho. Akarudi kuketi. Giza linaingia. Pasi inapoa. Nyuma ya nguo, dada akafungua kinywa...

Kikohozi kikatoka.

Hakikuwa chake.

Kilitoka mgongoni pake, na pumzi yenye harufu ya dawa ya kuchua, ileile aliyokuwa akipakwa mama kifuani, ikampuliza shingoni. Na mgongoni pake palikuwa na ukuta.

"Kohoa tu, mama," mdogo akasema taratibu kitini. "Leo sikimbii."

Aliyekimbia ni mwingine, gauni la mteja limemning'inia kichwani.

Mdogo akapona, akashika duka. Dada mtu ndiye sasa, giza likiingia, anayesikia kikohozi popote alipo, hata sokoni kwenye watu. Akaenda kwa mshauri yuleyule. Mshauri akasema ni hatia inamsumbua. Sawa, yeye kasoma. Lakini ile harufu ya dawa kwenye ukosi wake tuliinusa sote majirani. Nasi tulikuwa na hatia gani?

Dawa ikawa ileile: aketi chumbani, asikimbie. Peke yake akashindwa. Ikabidi amwombe mdogo wake aketi naye, amshike mkono, na kwanza yeye dada amweleze yote, tangu siku ya kwanza ya kujibanza. Mdogo akamsikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana. Alimvutia kiti tu.

"Kaa, dada. Nakufungia mlango."

Mkono hakumpa.

Ndivyo anavyolipa, kila jioni, peke yake mle ndani. Mlango haufunguliwi mpaka kikohozi kinyamaze.

Siku nyingine hakinyamazi.