Breki ya Mkono wa Kulia

Hebu niambie wewe: mtu anayeijua baiskeli yake kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe, anaangukaje mahali anapopita kila Jumamosi?

Swali hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Devota Kalinga asubuhi ile, amesimama kwenye mteremko wa Kilolo, koti limefungwa hadi kidevuni, ukungu umelala juu ya misonobari kama maziwa yaliyomwagika.

Aliyeanguka alikuwa Matthias, Mswisi, mtaalamu wa misitu aliyekaa Iringa miaka mingi. Wanawake waliokuwa wakienda kuchimba viazi walimkuta korongoni, kichwa chini, damu usoni. Wakajua amekufa. Mmoja akavua kitenge akamfunika, wengine wakaanza kulia kama desturi inavyotaka. Kilio kilipokolea, maiti ikakohoa. Waliokuwa wakilia wakanyamaza, na mwenye kitenge akakimbia mpaka barabarani.

Inspekta alipofika, majeruhi alikwisha kupelekwa hospitali mjini. Kilichobaki eneo la tukio ni kitenge, baiskeli na alama.

Akachuchumaa. Tairi la nyuma lilikuja vizuri, halafu alama yake ikakatika, kana kwamba baiskeli imeota mabawa. Tairi la mbele lilichimba udongo mahali pamoja, likaishia hapo.

"Hakuteleza huyu," alisema. "Amerushwa."

Koplo Masumbuko, kijana wa wafugaji waliohamia Usangu, akainyanyua baiskeli. Ilikuwa baiskeli ya milimani hasa: tairi nene zenye meno, usukani mpana, pedeli zenye vijino vya chuma ili kiatu kisiteleze. Akaisukuma hatua chache, akabana breki ya kulia. Gurudumu la mbele likasimama papo hapo, la nyuma likaruka juu.

"Breki nzima kabisa, afande. Zimekaa kama za baiskeli ya baba."

Inspekta akamtazama, akaitazama baiskeli.

Hospitalini walimkuta Matthias amefungwa shingo na kiuno, hawezi hata kugeuza uso. Alitazama dari tu. Lakini Kiswahili chake kilikuwa kizima.

"Ulibana breki gani?" Inspekta aliuliza.

"Ya kulia. Ya nyuma."

"Ya kulia ni ya mbele."

"Kwenu. Kwetu ya kulia ni ya nyuma, na baiskeli yangu niliifunga mwenyewe, kama ya kwetu. Kila kitu. Urefu wa kiti, upepo wa tairi, breki. Mtu amezibadilisha."

"Mara ya mwisho uliijaribu lini?"

"Sikujaribu. Niliipandisha kwenye gari, nikaegesha kanisani, nikaanza kushuka." Akafumba macho. "Mteremko wa kwanza tu, mama. Mkono wa kulia, na dunia ikageuka."

"Unamshuku nani?"

"Andendekisye. Fundi wa pale sokoni."

Akaeleza. Siku za nyuma alipeleka baiskeli gurudumu likanyooshwe, na fundi, Mnyakyusa aliyetoka Mbeya, alipojaribu breki akasema huyu aliyezifunga amekosea, ngoja nizirekebishe. Matthias akamfokea mbele ya wateja: baiskeli hii isiguswe na mkono usioijua. Watu walicheka. Fundi hakucheka.

Basi fundi akakamatwa. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, vidole vyeusi kwa grisi. Kwenye chumba cha mahojiano aliketi magoti yakigusa meza.

"Breki ulibadilisha wewe?"

"Mimi, afande."

"Kwa hasira?"

"Kazi yangu sifanyi kwa hasira. Nilikata waya vizuri, nikafunika ncha. Mtu mwenye hasira hafuniki ncha."

"Nani alikuletea baiskeli?"

Fundi akaifuta grisi ya kidole kwenye suruali.

"Andendekisye, unajua kosa la kujaribu kuua? Unaweza kufungwa maisha."

"Najua."

"Mkeo yuko kwenye benchi hapo nje, na mtoto mgongoni. Kesho nakupeleka mahakamani. Nani alikuletea?"

Fundi akatazama mikono yake. "Hilo, mama, naomba unisamehe. Sina la kuongeza."

Masumbuko alipomrudisha mahabusu, alisema hajawahi kuona mtu anafungwa kwa adabu namna ile. Mlango wa chuma ukagonga. Kwenye benchi la nje, mtoto akaanza kulia.

Inspekta hakuwa na raha. Jalada lilikuwa limekamilika: kuna kisa, kuna mkono, kuna kukiri. Lakini kuna kukamilika kwa chungu na kuna kukamilika kwa chakula. Akarudi kwenye kielelezo, akaizunguka baiskeli kama mama anayechagua kuku sokoni.

Kwenye bomba la kiti palikuwa na mkanda mwekundu. Hapo ndipo Matthias alipopimia urefu wake. Chini sana ya mkanda, bomba lilikuwa na mkwaruzo mpya, pete nzima. Kiti kilikuwa kimeshushwa, tena si mara moja, kisha kikarudishwa kwenye alama. Aliyepanda alikuwa mfupi. Fundi, akikaa hapo, magoti yangegonga masikio.

Akagusa pedeli. Vijino viwili vya kushoto vilikuwa na damu iliyokauka, lakini miguu ya Matthias, daktari alisema, haikuwa na hata mchubuko.

"Washa gari," alimwambia Masumbuko. "Twende Gangilonga."

Nyumba ya Matthias ilikuwa nzuri, maua kila upande. Ukuta wake ulikuwa mrefu, juu umepandwa vipande vya chupa. Mlinzi, mzee Danieli, alifungua geti dogo, akafunga, akarudisha ufunguo shingoni. Inspekta akamuuliza mama wa nyumba hutoka lini. Mzee akasema hutoka na bwana. Na bwana akisafiri? Akasema basi hutoka bwana akirudi. Bwana si mkali, aliongeza, ila ana hofu. Mke wa kwanza, kule kwao, aliaga anakwenda kuwaona wazazi, hakurudi.

Yusta, mke wa Matthias, akatoka barazani. Msichana wa Kilolo huyo, mwembamba, mfupi, macho yamevimba. Alipoona aliyekuja ni mama wa makamo, alifanya kama alivyofunzwa kwao: alipiga goti.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu."

Na goti liliposhuka, kitenge kikapanda kidogo. Kwenye muundi wa kushoto palikuwa na vidonda vidogo vya mviringo, vimepangana mstari, vimeanza kukauka.

Inspekta akamshika mkono, akamwinua taratibu, akaketi naye kwenye ngazi. Mahojiano yale hakuyaandika.

"Pedeli zile zinauma," alisema.

Yusta akavuta kitenge. Kando ya maua mzee Danieli alianza kufyeka nyasi.

"Andendekisye amesemaje?" Yusta aliuliza.

"Hajasema. Kesho anasomewa kosa la kujaribu kuua."

"Hata jina langu hakulitaja?"

"Hata."

Yusta akajifunika uso. Maneno yakatoka vipande vipande. Bwana akisafiri kwenda Nyololo, yeye alikuwa akijifunza kuiendesha baiskeli ile nyuma ya nyumba. Alianguka mara nyingi, maana kila alipobana mkono wa kulia kama alivyozoea kwa kaka zake, baiskeli haikumtii. Mzee Danieli akamhurumia, akafungua geti, naye akaisukuma mpaka kwa fundi. Akamwomba aziweke breki kama za nyumbani, kisha Jumamosi jioni azirudishe. Fundi alikubali kwa sharti moja: isijulikane. Mke wa mtu kaja bandani peke yake, kwa siri. Iringa ingesema yasiyokuwepo, na mke wake mwenyewe angeyasikia kwanza.

"Bwana akarudi Ijumaa," alisema Yusta. "Tulimtarajia Jumapili. Akakaa hapo hapo ulipokaa, anapaka cheni mafuta, anaimba. Nikamletea chai. Nikasimama. Akaniuliza, una neno? Nikasema sina."

"Ulikuwa na usiku mzima."

"Nilikuwa nao. Nikisema breki, nitasema geti. Nikisema geti, mzee atafukuzwa, na ufunguo utahamia mfukoni mwa bwana. Nikapanga nitasema alfajiri. Nilipoamka gari limeondoka. Nikapiga simu, huko milimani haishiki."

Mzee Danieli alikuwa ameacha kufyeka. Akasema, bila kuulizwa, kwamba yote ni kweli na geti alilifungua yeye.

Inspekta alimwambia Yusta kwamba atahitaji maelezo yake kituoni, ndipo fundi atoke. Yusta akasema atayatoa, lakini kwanza apelekwe kwa mumewe. Akiandikisha polisi kabla ya kumwambia yeye, itakuwa ni kutoroka pia.

Wodini hakupiga goti. Aliinama juu ya kitanda, mahali ambapo Matthias, asiyeweza kugeuka, angemwona.

"Andendekisye hana kosa," alisema. "Breki zilibadilishwa kwa ajili yangu. Niliyekaa kimya ni mimi."

Akamweleza yote. Inspekta alibaki mlangoni. Alimwona yule mwanamume, mwili umefungwa pale pale, macho kwenye dari ile ile.

"Ungeniambia unataka baiskeli," Matthias alisema mwishowe. "Ningekununulia. Ningekufungia mwenyewe."

"Ningeiendesha wapi? Ndani ya ukuta?"

Akasogea karibu na kichwa chake.

"Kila Jumamosi ulikuwa unapita chini ya nyumba ya mama," Yusta alisema. "Ulikuwa unarudi na udongo wa kwetu kwenye viatu, mimi nakusafishia."

"Niliogopa hutarudi." Machozi yalikuwa yakimtelemkia masikioni, naye hakuyafuta. Yusta akayafuta. "Sema basi, Yusta. Ulitaka nini?"

"Nilitaka nitoke getini nimejiamulia mwenyewe, niende kwa mama, nikae naye mpaka nitosheke," alisema. "Halafu nirudi kwako."