Ushahidi Dhidi ya Fundi Baridi

Kila siku ya shule, mimi na mdogo wangu huwa wa kwanza kuingia garini. Mama hubeba wanafunzi sita wa mtaa wetu kuwapeleka shuleni na kuwarudisha, na hiyo ndiyo kazi yake. Barabara ina vumbi jingi, na mdogo wangu, kitindamimba wetu wa miaka sita, ana pumu. Kwa hiyo madirisha hufungwa na kiyoyozi huwashwa.

Asubuhi ya Ijumaa moja mama aliwasha kiyoyozi, na gari likajaa harufu ya tambara bichi lililosahauliwa kwenye ndoo. Hatujafika hata kwenye lami, mdogo wangu akaanza kukohoa. Nilimsugua mgongo mpaka akatulia.

"Si juzi juzi tu fundi amekisafisha hiki?" mama alisema huku akishusha kioo.

"Kama kweli alikisafisha," nikajibu.

Mama alinitupia jicho. "Una maana gani?"

Nilikuwa nikilisubiri swali hilo kwa hamu. Nyumbani wananiita Mpelelezi, na ingawa huwa najidai kukasirika, jina hilo nalipenda sana. Nikatoa daftari langu.

Fundi mwenyewe ni yule ambaye madereva wote humwita Baridi, kwa sababu hashughuliki na kitu kingine ila viyoyozi vya magari. Mimi sikumwamini tangu mwanzo. Siku aliyokisafisha kiyoyozi alitutoa sote watatu nje ya uzio wa gereji yake. Mtu asiyeficha kitu anamtoa mwenye gari nje kwa nini? Kisha nikamwona akipita na kitu kimefungwa gazetini, anakwenda kukitupa upesi upesi. Siku ya pili nikakuta maji yakidondoka chini ya gari, nikaandika: "Ametoboa kitu." Siku ya kumi na tano maji yakakoma, nikaandika: "Kilichokuwa kinavuja kimekwisha." Siku ya kumi na nane zulia la miguuni lilikuwa limelowa chapachapa.

Sisi hatukuwa na la kulaumiwa. Baridi alituachia karatasi ya maagizo, tukaibandika kwenye mlango wa friji. Mama alitakiwa kuzima kiyoyozi dakika chache kabla hajafika, aache feni izunguke ili ndani pakauke. Mimi, kwa kuwa tunaegesha chini ya mti wa jirani, nilitakiwa kila Jumamosi kuondoa majani kwenye ule mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Jumamosi zote tatu zilikuwa na alama ya vema, tena kwa kalamu nyekundu.

Jioni ile mama alikuwa amefura. Aliandika ujumbe kwa ajili ya kundi la madereva kwenye simu, akanisomea: "Jihadharini na Fundi Baridi. Anarudisha gari na uchafu wake." Hakuutuma. "Kesho tunakwenda kwake," alisema. "Asiponipa maelezo ya maana, nautuma pale pale."

Nililala kwa furaha, Mungu anisamehe.

Baridi alitupokea sote watatu kwa salamu nzuri, akifuta mikono kwenye ovaroli.

"Fundi, sikuja kugombana," mama alisema. "Lakini mwanangu anakohoa, na binti yangu ana maswali."

Nikasoma daftari langu kama hakimu. Nilidhani atafoka au ataanza kubabaika. Hakufanya hata kimoja. Alisikiliza, kisha akaniambia, "Rudia hapo pa maji."

Nikarudia.

"Kiyoyozi kizima lazima kidondoshe maji," alisema taratibu. "Hewa ikipozwa huacha unyevu, na unyevu huo hutoka kwa mrija hadi chini. Yalipokoma ndipo mlipaswa kuniita. Hayakwisha, yalikosa njia, yakaingia kwenye zulia." Akaweka mkono juu ya boneti. "Hapa chini ya kioo pamesafishwa?"

Nikalifunga daftari langu.

"Pamesafishwa kila wiki," mama alidakia. "Usimsingizie mtoto, Fundi. Kila Jumamosi ameweka alama, nimeziona kwa macho yangu." Akatoa simu. Kidole chake kilikuwa juu ya ule ujumbe.

Baridi hakubishana. Alinitazama tu. Nikafikiri kwamba madereva wote wangeusoma, na kesho yake gereji hii isingekuwa na gari hata moja.

"Mama, usitume," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Alama niliweka, lakini sikufagia. Hata mara moja."

Mama aliteremsha simu.

Baridi alifungua boneti, akaondoa kifuniko cha plastiki. Majani yalikuwa yameoza, yamekuwa tope jeusi, na tope limeteremka na mvua hadi kwenye mrija na kuuziba. Akachomoa chujio la hewa nyuma ya dashibodi. Lilikuwa jipya, lina tarehe ya siku aliyokisafisha kiyoyozi kwa mwandiko wake, ila lilikuwa limelowa na kuota ukungu. Lile la zamani ndilo lililokuwa gazetini.

"Sasa tokeni nje ya uzio," alisema. "Dawa ninayopuliza inawasha kifua, na mdogo wako ana pumu. Hata siku ile niliwatoa kwa ajili yake."

Sikuwahi kuona aibu kama ile. Mama alimwomba radhi, akaufuta ujumbe mbele yake, nami nikamwomba yangu. Kisha mama akanisogeza kwenye benchi alipokaa mdogo wangu.

"Bado mtu mmoja. Mwambie kwa nini anakohoa."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akichezesha miguu.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unanisugua mgongo," aliuliza, "na wewe ndiye uliyenikohoza?"

"Ndiyo," nikasema, na machozi yakanitoka.

Alifikiri kidogo, kisha akanisugua mgongo, vile vile ninavyomsugua yeye.

Baridi alibadilisha chujio, akazibua mrija kwa upepo, akapuliza dawa na kuiacha feni izunguke milango ikiwa wazi. Maji machafu yalitoka, kisha yakatoka safi. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani ile harufu haikuwepo, na mdogo wangu hakukohoa.

"Kushuku si kosa, binti yangu," mama alisema akiwa ameshika usukani. "Kuna watu wanadanganya, na ni vizuri kuwa macho. Lakini ulimchunguza kila mtu ukajiruka wewe mwenyewe, kwa sababu ulijua utakachokikuta. Siku nyingine anza na kazi yako. Ukiona umeifanya kweli, ndipo umuulize mwenzako kuhusu yake."

Tulipofika, aliegesha gari chini ya ule mti. Nikaenda kuchukua ufagio kabla hajaniambia.