Kiti cha Rubani

Jua lilikuwa linazama Fundi Jicho alipofunga kibanda chake cha kutengeneza saa. Akabeba saa ya ukutani kwapani, akaenda kuirudisha kwa mwenyewe.

Jina hilo alipewa na wateja. Kila ukienda kwake unamkuta amebana lenzi kwenye jicho la kulia na la kushoto kalifumba, utadhani anakukonyeza. Alikuwa mpole, lakini kwenye kazi yake alikuwa na kichwa kigumu. Sharti lake lilikuwa moja tu: saa haitoki mikononi mwake ikiwa imepungukiwa na kifaa, hata skrubu ndogo kama chawa. Hata kama inatembea. Hata kama mteja mwenyewe kasema, "Basi fundi, inatosha." Kwake haitoshi.

Sharti hilo likumbuke. Ndilo lililomponza.

Mwenye saa alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, anayeishi peke yake nyumba ya mwisho ya mtaa. Alifungua mlango kabla hajabishiwa hodi. Sebule ilikuwa na giza giza, na harufu kali ya gundi... Gundi, kwenye nyumba ya bibi wa watu anayeishi peke yake! Karibu na dirisha palikuwa na kiti cha mikono. Kitambaa cha mikononi kilikuwa kimelika mpaka mbao zikaonekana, kana kwamba mtu aliyekaa pale alikuwa akikikwaruza kwa kucha, miaka nenda miaka rudi.

Fundi akapanda kwenye stuli, akaitundika saa. Mwalimu akamshukuru, akaingia ndani, akarudi na boksi la kadibodi lililofifia. Juu yake palikuwa na picha ya ndege ndogo ya kivita, ya vita vile vya zamani, yenye propela puani. Ilikuwa inapiga mbizi katikati ya moshi.

"Nasikia unapenda kuunda vitu hivi."

Kweli alipenda. Nyumbani kwake rafu nzima ilikuwa imejaa meli na ndege za plastiki, alizozibandika kipande kwa kipande, na mkewe alikuwa amechoka kuzifuta vumbi.

"Ilikuwa ya marehemu mume wangu. Chukua. Lakini rubani hayumo." Mwalimu akamshika mkono, akashusha sauti mpaka ikawa mnong'ono. "Na usimweke. Ukiiunda, kiti kiache kitupu. Umenisikia, fundi?"

"Nimekusikia, Mwalimu."

Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Fundi akaaga haraka haraka.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mkewe, na mdogo wake mkewe, dereva wa lori aliyefikia pale akisubiri lori lake litoke gereji. Huyo shemeji alikuwa mtu wa kelele na utani, hakai kimya hata akiwa anakula. Tangu afike, nyumba ilikuwa imechangamka, na mkewe fundi, ambaye ndiye aliyemlea mdogo wake huyo tangu walipofiwa na wazazi, alikuwa akicheka kutwa nzima.

Fundi aliifanyia kazi ndege kwenye chumba cha nyuma, jioni jioni, kati ya kufunga kibanda na giza kuingia. Taa za balbu hakuziamini kwa mambo ya rangi. Alipofungua boksi alikuta vipande vyote bado vimeshikana na fremu zake za plastiki, vipya kabisa, havijawahi kukatwa. Mabawa, magurudumu, bunduki ndogo ndogo.

Isipokuwa kiti cha rubani.

Hicho kilikuwa kimekwisha kubandikwa kwenye sakafu yake. Juu yake palikuwa na kovu, mahali ambapo kitu kiling'olewa kwa nguvu. Na mbele ya kiti, pale chini, zilikuwa zimebaki nyayo mbili za viatu, ndogo kupita kiasi.

Nyayo tu. Miguu haipo.

Fundi akajiambia ni mabaki ya kazi ya marehemu. Akachukua wembe, akazikwangua, akapitisha msasa. Harufu iliyotoka haikuwa ya plastiki. Ilikuwa ya kucha zinazoungua. Akafungua dirisha, akaendelea.

Siku ya tano ndege ilikuwa imekamilika, imekaa vizuri kwenye kiganja. Kilichobaki ni kifuniko cha kioo tu. Shemeji akaja akaegemea mlango na kikombe chake cha chai.

"Shemeji, mbona gari lako halina dereva?"

"Kwanza si gari. Pili, rubani hakuwemo kwenye boksi."

"Ala! Ndege ya vita haina mtu? Sasa hiyo vita anaipigana nani, upepo? Niweke mimi bwana. Lori langu lenyewe liko gereji, nakaa bure hapa nakumalizieni sukari."

Fundi alicheka mpaka lenzi ikamdondoka. Kisha akakitazama kile kiti. Jamani, kiti kile kilikuwa kimemkera tangu siku ya kwanza! Akilala anakiona. Akila anakiona. Ilikuwa kama saa iliyopungukiwa na kifaa, na hajawahi kuitoa kazi pungufu namna hiyo maishani mwake. Maneno ya Mwalimu aliyakumbuka, tena vizuri. Akayaona ni majonzi ya mjane, basi.

"Kaa hapo kwenye mwanga," akamwambia shemeji. "Usitikisike."

Akakata kipande cha fremu, akachonga. Mtu mzima, hazidi punje ya haragwe. Pua iliyovunjika zamani kwenye mpira, akaiweka. Kishimo cha kidevuni, akakiweka. Mikono akailaza magotini. Kwa ncha ya sindano akachora hata lile tabasamu la upande mmoja. Shemeji akachungulia kwa lenzi, akapiga yowe la furaha, "Dada! Njoo uone nimepata kazi serikalini!" Akaenda sebuleni kumalizia chai yake, bado anacheka.

Sasa, gundi ya plastiki si kama gundi nyingine. Haishikishi, inayeyusha. Vipande viwili vinalainika pale vinapogusana, na vikikauka ni kitu kimoja. Ndiyo maana waundaji wote hujaribisha kwanza bila gundi, kwani ukishaitia hakuna kurudi. Fundi akajaribisha. Rubani aliingia kwenye kiti bila kusukumwa. Akatia gundi, akambandika makalio, mgongo na nyayo. Akafunika kioo.

Sebuleni kikombe kikaanguka.

"Shemeji..." Sauti ilikuwa ndogo, si ya mtu yule. "Shemeji, njoo. Miguu yangu haipo."

Fundi akakimbia. "Si hii hapa?"

"Naiona. Siisikii."

Walimpeleka hospitali, wakakaa siku mbili. Damu safi, mifupa safi, picha safi. Daktari akakuna kichwa, akasema labda ni mshtuko, warudi baada ya wiki. Wakambeba hadi nyumbani, wakamweka kwenye kiti cha mikono pale sebuleni. Hakuweza hata kujigeuza.

Jua lilipoanza kuzama, pumzi ikaanza kumbana.

"Fungueni dirisha," akasema.

"Liko wazi, mdogo wangu," mkewe fundi akamjibu, akimpepea kwa gazeti.

"Fungueni dirisha!"

"Liko wazi! Hili hapa, tazama, liko wazi!"

"Dada... fungueni..."

Fundi hakuweza kuvumilia. Akajifungia chumba cha nyuma alie peke yake. Mwanga wa machweo ulikuwa umelala juu ya meza, na ndani yake ile ndege. Kioo chake kilikuwa kimekuwa cheupe.

Jambo hilo alilijua. Kuna gundi ile kali, ya papo hapo, ambayo mvuke wake hufifiza vioo vya plastiki. Kila muundaji imemharibia kazi angalau mara moja. Akanyoosha mkono aichukue ndege, ndipo akakumbuka.

Gundi hiyo hakuitumia.

Akabana lenzi. Ule weupe ukapungua, ukaisha. Ukarudi. Ukapungua... ukarudi. Na sebuleni, nyuma ya mlango, shemeji alikuwa akipumua. Hhhh. Weupe. Hhhh. Weupe.

Katikati ya ukungu ule palikuwa na sehemu iliyofutwa. Mikono ya rubani aliichonga imelala magotini. Mmoja ulikuwa bado pale. Wa pili ulikuwa umeinuka, kiganja kimebandikwa kwenye kioo.

Fundi alitoka mbio na ndege kifuani, hana viatu.

Alipofika kwa Mwalimu, alimkuta amesimama mlangoni, kama aliyekuwa anamsubiri. Aliitazama ndege, akafumba macho.

"Nilikwambia."

"Ulinambia nusu! Kwa nini hukunambia yote?"

"Ungeamini?"

Mwalimu akakaa chini kwenye kizingiti. Mumewe, alisema, alijichonga mwenyewe, kwa mzaha. Alikaa miaka sita kwenye kile kiti cha dirishani. "Nilimlisha, nikamwogesha. Mwishoni akaniomba nimng'oe. Aliniomba kila jioni, fundi. Kila jioni. Nikachukua koleo." Akatazama mikono yake. "Alikata roho palepale. Viatu vyake mpaka leo vimegoma kutoka sakafuni. Ukitaka ingia uone."

Fundi hakuingia.

"Na ndege?"

"Niliitupa mara tatu. Kila nikirudi nyumbani naikuta mezani, vipande vimerudi kwenye fremu zake, vipya. Mpaka nikakupa wewe." Akaanza kulia. "Nilijua wewe ni mtu makini. Mtu wa saa, nikasema, huyu atasikia."

"Nimfanyeje, Mwalimu? Niambie nimfanyeje!"

"Mpe hewa. Basi. Na isianguke. Ikifika jua kuzama huwa inataka kushuka. Ishike."

"Ilitoka wapi? Nani aliitengeneza?"

Mwalimu alitikisa kichwa. Hakujua. Mumewe alipewa na mtu aliyemwambia aache kiti kitupu.

Fundi alirudi nyumbani, akachukua keekee yake nyembamba kuliko zote, ile ya kutobolea vibati vya saa za kike. Akatoboa kioo, polepole, jasho likimtiririka. Tundu lilipopenya, sebuleni shemeji alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka kutoka kisimani.

"Amepumua!" mkewe alipiga kelele. "Mume wangu, njoo, amepumua!"

Fundi alikaa chini sakafuni, akalia kama mtoto.

Alipata nguvu ya kumpa hewa. Kumtoa hakuweza. Kwa lenzi aliona wazi: makalio, mgongo na nyayo vilikuwa vimeyeyuka na kuwa kiti. Hapakuwa na mpaka wa kupitisha wembe. Kazi yake mwenyewe, safi, isiyo na kasoro hata moja.

Huu ni mwezi wa tisa tangu siku ile. Lori lilitoka gereji zamani, likapewa dereva mwingine. Kila jioni fundi anafunga kibanda mapema, anajifungia chumba cha nyuma, anaishika ndege kwa mikono miwili, sawasawa, bila kuinamisha bawa. Hawezi kuiacha mezani. Aliiacha siku moja, ikajikokota yenyewe hadi ukingoni. Propela inaanza kuzunguka bila kuguswa. Tik... tik... tik... kisha kwa kasi. Harufu ya mafuta inajaa chumbani. Pua inavuta kuelekea chini, kila siku kwa nguvu kidogo zaidi ya jana. Giza likishaingia, inatulia.

Mkewe hajui. Angemwambiaje? Anachojua ni kwamba mumewe, saa ile mbaya kuliko zote za mgonjwa, anajifungia kucheza na midoli yake.

"Ndugu yangu anakufa huku!" hupiga mlango kwa ngumi. "Wewe ni mtu wa namna gani?"

Fundi hawezi kuachia mkono kufungua.

Jana mikono yake ilianza kutetemeka. Mikono ile ambayo haikuwahi kutetemeka juu ya saa ya mtu yeyote. Kwanza kidole gumba. Kisha kiganja kizima. Bawa la kushoto likainama kidogo tu, upana wa unywele, na sebuleni shemeji akapiga ukelele, na mkewe akasema, "Nimekushika, nimekushika, huanguki popote, umekaa."

Fundi akashtuka. Akakaza vidole, akaibana ndege kwa nguvu zake zote.

Sebuleni kukawa kimya.

Halafu, nyuma ya mlango uliofungwa, ikasikika sauti ya mtu ambaye hakuwahi kuambiwa na yeyote habari ya ile ndege. Ilikuwa sauti ya upole, ya mtu asiyetaka kumlaumu mwenzake.

"Taratibu, shemeji... mbavu zangu."

Dirishani jua bado lilikuwa halijazama.